Kampuni ya zamani inadai irudishiwe mshahara: majibu kwa barua zenu

Barua tano za wiki hii zinalia kilio kimoja: mtu ameacha kazi, kisha kampuni inamwambia ilimlipa kupita kiasi na inataka feza zake. Nimeandaa mishahara hapa Lubumbashi miaka mingi, na makosa ya namna hiyo nimeyaona yakizaliwa mezani. Najibu kwa zamu.

Nilikuwa nafagia ofisi. Kazi iliisha mwezi wa tatu, lakini mshahara uliendelea kuingia mwezi wa nne na wa tano. Nilidhani ni hesabu yangu ya mwisho, nikalipa minervali (karo ya masomo) ya watoto. Sasa wanadai dola 280 ndani ya siku saba. Nauza mikate hapa Katuba. Nifanyeje? (Mama wa watoto wanne)

Mama, nianze na lililo gumu: kilichozidi si chako. Kanuni ya raia tunayoitumia Kongo, ile ya tarehe 30 Julai 1888, inasema aliyepokea kisicho haki yake, kwa makosa au kwa kujua, atakirudisha. Lakini inamtenga aliyepokea kwa moyo mweupe na aliyejua akanyamaza. Huyo wa pili anadaiwa na riba juu yake. Wewe ulidhani ni hesabu ya mwisho. Liseme mapema, tena kwa maandishi. Hizo siku saba ni za kwao, hazimo katika kanuni hiyo.

Usikubali kiasi kabla ya kuona hesabu. Omba fishi za mshahara za miezi yote miwili, uzilinganishe na ujumbe wa benki au wa simu. Halafu uliza: preavi yangu, yaani malipo ya muda wa taarifa kabla ya kuachishwa, mlilipa? Na siku za konje (likizo) nilizobakiza? Sheria ya kazi, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka mshahara uliobaki ulipwe ndani ya siku mbili za kazi baada ya mtu kuondoka. Kama haki hizo hukupewa, sehemu ya zile dola 280 ni yako. Nimeona deni likipungua nusu watu wakiwa bado wamekaa mezani.

Likibaki deni, chukua daftari. Usiandike mauzo ya mikate, andika faida: toa unga, mafuta, sukari, makala ya kupikia. Kisha toa meka za unga wa bukari wa nyumbani, kodi ya nyumba, maji. Tuseme zinabaki dola 20 kwa mwezi. Ahidi 10. Mtoto mmoja akishikwa na malaria, ahadi ya 20 itavunjika mwezi wa pili, na mpango uliovunjika unaharibu jina kuliko mpango mdogo. Ndiyo, kwa dola 280 ni miezi 28. Ni mirefu, lakini inalipika.

Barua iwe fupi: «Nimepata barua yenu. Feza hizo nilizipokea nikidhani ni hesabu yangu ya mwisho. Mapato yangu ya sasa ni haya. Naomba kulipa dola 10 kila tarehe 5, nikipewa risiti kila mara.» Peleka nakala mbili, wagonge muhuri kwenye moja, urudi nayo nyumbani.

Na nakusihi, Mama: usikimbilie wakopeshaji wa mtaani. Deni la kampuni lisilo na riba usiligeuze kuwa deni linaloongezeka kila mwezi.

Wananidai mshahara mzima ulioandikwa kwenye kontra, lakini mimi sikuupata wote mkononi. (Papa wa Kampemba)

Papa, rudisha ulichopokea. Kwenye kila mshahara kampuni inakata asilimia 5 yako ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na kodi ya mapato. Feza hizo hazikupita mikononi mwako. Kampuni ndiyo izifuate huko ilikozipeleka. Nimewahi kumwona mlinzi akitia sahihi deni la mshahara mzima kwa kuwa hakujua tofauti ya mistari miwili ya mwisho kwenye fishi. Weka kidole kwenye mstari wa chini kabisa, ule wa feza ulizopewa, uanzie hapo.

Wamesema watanipeleka polisi nifungwe. Nina mtoto mchanga. (Msomaji wa Ruashi)

Mdogo wangu, pumua. Kushindwa kulipa deni la namna hii ni jambo la madai, si kosa la jinai. Kongo imefungwa na mkataba wa kimataifa wa haki za raia na za kisiasa, ambao ibara yake ya 11 inakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Na katiba yetu, ibara ya 18, haimruhusu polisi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48. Ukiitwa, usijifiche, nenda na ndugu, beba nakala ya barua yako yenye muhuri.

Kampuni ikitaka kukushtaki, njia ipo: kwanza upatanisho kwa inspekta wa kazi, ndipo mahakama ya kazi. Wewe pia unaweza kumfuata inspekta kwanza. Hata hakimu akiamuru mshahara wako mpya ukamatwe, sheria inaruhusu moja ya tano tu kwenye sehemu isiyozidi mara tano ya mshahara wa chini wa daraja lako. Hakuna wa kukunyang'anya wote.

Wanakataa kunipa cheti cha mwisho wa kazi mpaka nimalize deni. (Fundi wa Kamalondo)

Hawana haki hiyo. Cheti hutolewa kazi ikiisha kwa sababu yoyote ile. Kiombe kwa barua, wakinyamaza peleka nakala kwa inspekta. Bila cheti hupati kazi, na bila kazi hulipi. Waambie hivyo hivyo.

Nilipokea dola. Naweza kurudisha kwa franka? (Mama wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)

Mkikubaliana, ndiyo, ila andikeni ni bei gani ya kubadilisha na ya siku gani. Ukilipa kwa simu, piga picha ya ujumbe siku ileile, maana simu hupotea, na uandike daftarini malipo hayo ni ya mwezi upi.