Jongmyo: njia ya katikati usikanyage

SWALI: Shikamoo dada, niko Kirumba hapa Mwanza, mwezi wa tano nasafiri kwenda Seoul na nataka sana kuona Jongmyo, lile hekalu la kuwakumbuka wafalme wa zamani, je naingia tu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Jumanne wanafunga, siku nyingi za kazi unaingia na mwongozaji kwa saa zilizopangwa, ila wikendi unazunguka mwenyewe. Usitegemee makaburi, mle kuna vibao vinavyowakilisha roho za wafalme na malkia wa Joseon, ukoo uliotawala Korea zamani, jumba kuu lina vyumba 19 vimepangwa mstari mmoja mreeefu, liliungua 1592 Wajapani walipovamia, likajengwa upya 1608. Njia ya mawe iliyoinuka katikati ni ya roho, pita pembeni. Na Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano kwa kawaida kunakuwa na ibada kubwa yenye ngoma na nyimbo za kale, jitahidi uiwahi jamani!