"Haipasuliki": kabisa, au kwa sasa?

Mama alianza na mwasho. Alijikuna usiku kucha kwa gunzi la mahindi hadi shuka likawa na damu, na sisi hapa Busia tukamtibu malaria mara mbili. Mkojo ulikuwa kama chai ya rangi, choo kimepauka kama majivu. Ukiona hayo pamoja na macho ya manjano, achana na mitishamba, kapigwe ultrasaundi. Mimi nilichelewa wiki sita.

Kampala wakakuta saratani ya mfereji wa nyongo, imeukumbatia mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini. Daktari akasema haipasuliki, yaani haiwezi kuondolewa kwa upasuaji. Kaka akaanza kuulizia gari la kumrudisha nyumbani. Muuguzi mmoja akanivuta kando: "Dada, muulize, haipasuliki kabisa au kwa sasa?" Nikauliza. Kwa sasa.

Kwanza wakampitishia stenti, kijibomba cha kuzibua mfereji, ili nyongo ipate njia, maana ini lililoziba halizimudu dawa za saratani. Tukangoja manjano ishuke. Hapo niligombana na kila mtu nikidhani tunazungushwa, nilikosea.

Kisha tibakemikali: jemsitabini na sisplatini, mseto uliozoeleka kwa saratani hii isiyopasulika tangu utafiti wa 2010. Kila mzunguko ni wiki tatu: dawa siku ya 1 na ya 8, wiki ya tatu mapumziko. Sisplatini huumiza figo, kwa hiyo dripu za maji ni nyingi na kukojoa ni kwa kila mara. Beba leso ya akiba. Damu hupimwa kabla ya kila dozi. Mara mbili tulirudishwa kwa kuwa chembe za damu zimeshuka, basi tenga na nauli ya safari ya bure.

Baada ya mizunguko minne niliomba picha za CT zipelekwe tena kwa daktari wa upasuaji, si kwa wa dawa peke yake. Hawakai chumba kimoja, na faili halina miguu. Nilibeba mwenyewe. Uvimbe ulikuwa umeuachia mshipa. Wakaondoa mfereji na kipande cha ini, utumbo wakauunganisha na ini. Wengi hawafiki hapo. Mama wa kitanda cha pili alichomwa dawa zilezile, hakufika.

Sasa yuko kwenye kapesitabini, tibakemikali ya vidonge, miezi sita. Viganja vinambanduka. Ananiagiza mafuta ya mgando kila wiki, na bado anagoma kuvaa glavu akimenya matoke.