Jibu: Nyenje wanatoroka kabla ndege hawajawala

Ndugu, umeuliza mambo mawili: nyenje wanaokimbilia nyufani ukiwamwaga kwenye banda la ndege wako wawale, na kama viwavi wa unga (mabuu ya mende wa unga) peke yao wanatosha kulea makinda.

La kwanza ni jepesi. Weka mkebe wa nyenje kwenye friji dakika chache tu. Wakitoka wamezubaa, wanavuta miguu kama walevi. Wamwage kwenye beseni la plastiki lenye kuta laini, wachache kwa wakati mmoja. Beseni hilo linafaa kwa viwavi pia, maana hawapandi kabisa ukuta laini.

La pili, hapana, hawatoshi. Viwavi wa unga wana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno. Kinda akilelewa kwa hao tu, mifupa inakuwa laini na miguu inapinda. Mimi nawatia kwenye mfuko wenye unga wa kalsiamu, natikisa mpaka waonekane kama wamepakwa poda, kisha nawapa papo hapo, maana ukichelewa unga unapukutika. Siku moja kabla, walishe wadudu wenyewe karoti na majani mabichi. Kilicho tumboni mwao ndicho kinachomfikia ndege. Kwa makinda chagua viwavi weupe, waliojivua ngozi sasa hivi, ni laini.

Wazazi wakiwa na makinda wape kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Msimu wa kulea ukipita, punguza, viwavi wana mafuta mengi. Wadudu wa kuokota shambani palipopigwa dawa usiwaguse, hata wakiwa wanono vipi.