Re: Kwa nini Billy Wilder aliamua kuongoza muvi mwenyewe?

Mkuu umeuliza kwa nini Wilder, mwandishi aliyekuwa ashajulikana Hollywood, akaamua kuongoza mwenyewe. Ni kwa sababu ya mende!

Iko hivi, 1941 yeye na mwenzake Charles Brackett waliandika Hold Back the Dawn, kuna jamaa amekwama hotelini mpakani Mexico anasubiri viza ya Marekani, sasa Wilder akaweka sini jamaa anamhoji mende ukutani kama afisa uhamiaji vile, we unaenda wapi, viza yako iko wapi. Na hilo halikuwa la kubuni tu, Wilder ni Myahudi aliyekimbia Berlin 1933 Hitler alivyoshika nchi, na viza yake aliisubiria hukohuko Mexico. Staa wao Charles Boyer akagoma kuongea na mende, mwongozaji akamkubalia, sini ikatupwa. Wilder aliumia sana, kuanzia hapo akataka skripti zake azilinde mwenyewe.

1942 akaongoza muvi yake ya kwanza Marekani, 1945 The Lost Weekend ikampa Oscar za uongozaji na uandishi.

Ila ukitaka kumwelewa anza na The Apartment ya 1960, aliandika na I.A.L. Diamond. Tazama kile kioo kidogo cha poda kilichopasuka, jamaa wa kwenye muvi anakiona tu anajua mwanamke anayempenda anatoka na bosi wake, hakuna anayemwambia. Na huyu Wilder alifika Marekani Kiingereza hakijui vizuri!