Jibu: Oska wa sentimita 20 akae na nani?

Ndugu wa Uyole, umeuliza kama oska wako, yule samaki mkubwa wa mapambo, aliye kwenye tenki la lita 200, anaweza kuwekewa mbuna, samaki wadogo wa mawe wa Ziwa Nyasa, kutoka Matema, na goldfishi wawili. Goldfishi sahau. Atawameza, na akishindwa kuwameza atawanyofoa mapezi.

Mbuna nao si wenzake, ingawa ni wakorofi pia. Oska ni wa Amazoni, maji yake ni laini, yenye madini machache, pH (kipimo cha asidi na alkali) 6 hadi 7.5. Ziwa Nyasa maji yake yana alkali, karibu 8. Tena mbuna hula mwani wa mawe. Ukiwalisha minofu anayokula oska kila siku wanavimba tumbo. Ukipenda wa Nyasa, fungua tenki lao peke yao. Huko ziwani yuko mmoja, Nimbochromis livingstonii, anayejilaza chini kama mzoga hadi vidagaa wasogee, ndipo anawadaka. Nampenda sana huyo mwizi!

Kwa oska tafuta asiyeingia mdomoni na asiyependa ugomvi: silva dola wakubwa (samaki bapa wa mviringo), kundi la watano hivi, au pleko mnene mmoja, yule wa chini anayefyonza mwani. Lakini lita 200 hazimtoshi hata oska peke yake, maana anafika sentimita 30. Anza na tenki la lita 400 kwenda juu, filta ya nguvu, na hita: anataka nyuzi 24 hadi 27, na baridi ya Juni ya Mbeya unaijua. Wageni watie usiku, taa zimezimwa, baada ya kupanga mawe upya ili mwenyeji apoteze mipaka yake.