Kompyuta ya Gemu Hulipa Mwaka wa Tatu

Siku niliyowasha kompyuta yangu ya gemu kwa mara ya kwanza, monita ilibaki nyeusi. Feni zinazunguka, taa zinawaka, picha hakuna. Nilikaa sakafuni na bisibisi mkononi kwa saa mbili hivi, nikichomoa RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kuirudisha, nikibadilisha kebo, nikinusa kama kuna kilichoungua. Mdogo wangu alikuwa chumba cha pili na konsoli yake, yaani mashine ya gemu kama PlayStation au Xbox, na kila baada ya dakika chache namsikia akishangilia bao. Kumbe kebo ya monita nilikuwa nimeichomeka kwenye ubao mama, ule unaobeba vifaa vyote, badala ya kwenye kadi ya michoro, inayotengeneza picha. Prosesa (ubongo wa kompyuta) niliyonunua haikuwa na uwezo wa kutoa picha yenyewe, kwa hiyo tundu lile la HDMI lilikuwa pambo tu.

Naanza na aibu hiyo kwa sababu wanaosifia PC (kompyuta) hupenda kuanza na picha kali na taa za rangi, kisha mnunuzi akikwama siku ya kwanza anaona kapigwa. Siku ya kwanza konsoli inashinda, tena kwa mbali. Unaitoa kwenye boksi, unachomeka nyaya mbili, unasubiri masasisho yaingie, unacheza. PC hukulipa baadaye. Mimi nilianza kuionja faida mwaka wa pili, na wa tatu ndipo nilipoacha kabisa kufikiria kurudi. Ukipiga hesabu ya kipi ununue, usipige ya wiki hii.

Konsoli yangu ya mwisho ilikufa kwa ugonjwa mdogo: kisoma diski kiligoma. Vingine vyote vilikuwa vizima. Fundi akanieleza kwamba kisoma diski kile kimefungamanishwa na ubao wake, huwezi kuchomoa cha konsoli nyingine ukakipachika kikafanya kazi. Rafu nzima ya diski ikabaki mapambo, nikawa nacheza zile chache tu nilizokuwa nimezipakua mtandaoni. Kwenye PC, kilichokufa ndicho kinachobadilishwa. Pawa saplai, kile kifaa kinacholisha mashine umeme, ikifa unanunua pawa saplai. SSD, diski ya kuhifadhia, ikijaa unaongeza nyingine pembeni yake. Gemu mpya zilipoanza kunizidi nguvu mwaka wa tatu, nilibadilisha kadi ya michoro peke yake. Kasha, prosesa na RAM vilibaki vilevile, na kadi ya zamani nikaiuza kupunguza makali ya gharama.

Lakini hilo unaliandaa siku ya kununua. Pesa zako usizimalizie zote kwenye kadi ya michoro. Nunua pawa saplai nzuri yenye nguvu ya akiba, maana ile ya kubahatisha ikilipuka inaweza kuondoka na wenzake. Ulizia kama ubao mama utapokea prosesa za kizazi kinachofuata. RAM nunua vijiti viwili, si kimoja: vijiti viwili vya GB 8 hukimbia kuliko kimoja cha GB 16, kwa sababu prosesa huvisoma kwa pamoja. Na kasha lipime kwa rula. Kadi yangu ya pili ilizidi nafasi kwa upana wa vidole viwili. Ilibidi ning'oe hadi fremu ya kubebea diski ndipo ikaingia, na mpaka leo ukichungulia ndani utaona matundu ya skrubu yasiyo na kazi.

Vifaa tuviache hapo. Kilichonishika zaidi ni gemu zenyewe na jinsi zinavyodumu. Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, ilianza mwaka 2003, na gemu ya Half-Life 2 iliyotoka 2004 bado unaipakua na kuicheza kwenye kompyuta ya kisasa. Gemu nilizonunua mwanzoni zimenifuata kwenye kadi ya pili, kwenye Windows mpya, kwenye monita mpya, na nyingi zimekuja mpaka na pale nilipoishia. Upande wa konsoli, kizazi kikibadilika unategemea huruma ya kampuni. PlayStation 4 ya 2013 haikusoma diski za PlayStation 3. Nintendo ilisimamisha mauzo kwenye duka la mtandaoni la Wii U na 3DS tarehe 27 Machi 2023, na duka la Xbox 360 likafungwa tarehe 29 Julai 2024. Siku hizi wamejirekebisha: PlayStation 5 inacheza karibu gemu zote za PlayStation 4, na Xbox za sasa zinafungua nyingi za zamani. Ila mwamuzi ni wao, si wewe.

Na tusidanganyane, hata kwenye Steam unachonunua ni leseni, si mali kama kiti. Nikitaka gemu ambayo hakuna wa kunipokonya naenda GOG, duka jingine la mtandaoni, ambako unapakua faili la kusakinisha na kulihifadhi kwenye diski yako mwenyewe.

Kuhusu bei, gemu za PC hupunguzwa mara kwa mara mpaka inakuwa ugonjwa. Ninazo gemu nilizonunua kwa sababu tu zilikuwa zimeshuka, na sijazifungua hata siku moja. Duka la Epic, lililofunguliwa Desemba 2018, hugawa gemu za bure kila wiki. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, ilimradi hujacheza zaidi ya saa 2. Nimeitumia ruhusa hiyo mara kadhaa, hasa gemu ikianza kukwamakwama dakika ya kumi. Kucheza na wenzako mtandaoni kwa kawaida hakuhitaji usajili wa kila mwezi, wakati kwenye PlayStation, Xbox na Switch gemu nyingi za kulipia hukudai usajili juu ya bei uliyokwisha kulipa. Jambo moja tu konsoli inatushinda hapa, na linauma: diski yake unaweza kumwazima rafiki au kuiuza ukishaimaliza. Gemu ya PC imekwama kwako.

Kisha kuna modi, yaani marekebisho ambayo wachezaji wenyewe hutengeneza na kugawiana. Mtu asiyewahi kuzitumia hudhani ni kubadilisha nguo za mhusika. Gemu ya Counter-Strike ilianza mwaka 1999 kama modi ya Half-Life. Dota ilizaliwa ndani ya gemu ya Warcraft III. Aina nzima za gemu zimetokana na watu waliofungua faili za gemu ya mwingine wakaona wanaweza kufanya kitu. Mimi sina kipaji hicho, lakini nakula matunda yake. Gemu ya Skyrim ya 2011 ilikuja PC na menyu iliyotengenezwa kwa ajili ya padi ya konsoli, maandishi makubwa, vitu vichache kwa skrini, unateremka na kuteremka kutafuta dawa moja ya kuponya. Modi iitwayo SkyUI iliigeuza menyu ile ikawa jedwali lenye safu: uzito, thamani, nguvu ya silaha. Nilipoizoea sikuweza tena kucheza bila hiyo.

Ila usifanye nilivyofanya. Usiku mmoja niliweka modi arobaini kwa mkupuo, miti mipya, mvua mpya, nyuso mpya, asubuhi gemu haifunguki na sijui kati ya arobaini mchawi ni nani. Weka moja, fungua gemu, tembea dakika tano, ndipo uweke inayofuata.

Nikisema kasi, wengi hufikiria namba za kujisifia. Tazama hivi: gemu ikienda fremu 30 kwa sekunde, kila picha hukaa machoni pako karibu milisekunde 33. Kwa fremu 60 ni kama 17, kwa 144 ni kama 7. Kwenye gemu ya kupigana risasi au mbio za magari tofauti hiyo unaihisi vidoleni kabla hujaiona. Konsoli za sasa huwa zinakupa machaguo mawili matatu, picha nzuri au kasi. Kwenye PC unapanga kila kitu peke yake. Mimi hushusha vivuli kwanza, kwa sababu hula nguvu nyingi na ukiwa unakimbizwa na zimwi huwezi kutofautisha kivuli cha daraja la juu kabisa na cha kati.

Hapo pia nilijikwaa. Nilinunua monita ya Hz 144, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, nikaitumia miezi minne ikiwa Hz 60. Rafiki yangu alikuja siku moja, akashika kipanya, akazungusha mshale duara kwenye skrini tupu, akaniuliza, "Hii umeshaiweka 144?" Nikamjibu si imeandikwa kwenye boksi. Akacheka mpaka akakaa. Akafungua mipangilio ya skrini kwenye Windows, akabadilisha namba, akanirudishia kipanya. Mshale uliokuwa ukiruka hatua kwa hatua ukawa unateleza. RAM nayo ina tabia hiyohiyo: mara nyingi kasi iliyoandikwa kwenye boksi huipati mpaka uingie kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya ubao mama, na kuwasha chaguo la XMP, au EXPO kama ubao wako ni mpya wa prosesa za AMD. Ukimaliza kuunganisha mashine, kagua hayo mawili siku hiyohiyo.

Kazi za shule, kuhariri video, kuandika makala kama hii, vyote hufanyika kwenye mashine ileile. Kwangu ndicho kilichomaliza ubishi nyumbani, maana kompyuta ina utetezi ambao konsoli haina.

Sasa ubaya wake. Baadhi ya gemu kubwa huchelewa: Grand Theft Auto V ilitoka kwenye konsoli 2013 ikafika PC 2015, na Red Dead Redemption 2 ilichelewa mwaka mzima, kutoka Oktoba 2018 hadi Novemba 2019. Gemu za Nintendo yenyewe, kama Mario na Zelda, usizisubiri. Gemu nyingine mpya hushtuka-shtuka unapoingia eneo usilowahi kufika, kwa sababu kompyuta inaandaa hesabu za michoro palepale. Konsoli hupewa hesabu hizo zikiwa tayari, kwani vifaa vyake ni vilevile kwa kila mtu. Na fundi ni wewe. Kila baada ya miezi michache nafungua kasha na kupuliza vumbi, nikizishika feni kwa kidole zisizunguke. Kama hayo yanakuchosha hata kuyasoma, au marafiki zako wote wako kwenye konsoli ya aina moja na gemu mnayocheza hairuhusu kuchanganyika, nunua konsoli kama yao na usijute.

Ukitaka kuanza na kidogo, njia niliyompendekezea mdogo wangu ni kompyuta ya ofisini iliyotumika. Itafute yenye prosesa isiyo ya zamani sana, uiongezee SSD na kadi ndogo ya michoro. Tahadhari zake ni mbili. Pawa saplai za kompyuta hizo mara nyingi hazina waya wa kulisha kadi, kwa hiyo chagua kadi inayojitosheleza kwa umeme wa tundu la ubao, ambalo hutoa hadi wati 75. Na makasha yake mengi ni membamba, kadi ya kawaida haisimami humo. Kuna kadi zilizotengenezwa fupi kwa ajili hiyo. Mdogo wangu alishakuwa na kadi kwenye kikapu, mkono uko kwenye kitufe cha kulipa, nikamwambia aende kwanza akachukue rula. Ilizidi kwa sentimita nne.