Jibu: .270 Winchester au 6.5 Creedmoor kwa kuwindia mbali

Salaam, ndugu. Umeuliza uchague ipi kati ya kaliba (aina za risasi) hizo mbili, zote kwenye bunduki ya Tikka T3x, kwa ajili ya kuwinda pronghorn, mnyama anayefanana na swala, huko Wyoming, Marekani. Kabla ya bei, angalia mifereji ya ndani ya mtutu: ya 6.5 Creedmoor huzungusha risasi mara moja kila inchi 8, hivyo risasi ndefu ya greni 143 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi) hutulia na kustahimili upepo, ilhali .270 nyingi za kiwandani zina inchi 10, zinazofaa risasi fupi zaidi. Mimi ningechukua Creedmoor. Dukani, bana kwa mkono sehemu ya mbele ya kitako, iliyo chini ya mtutu, pamoja na mtutu wenyewe uone kama vinagusana, maana vikigusana shabaha huweza kuhama. Tafadhali usimpige mnyama kwa umbali ambao hujauzoea uwanjani, kwani atajeruhiwa na kupotea.